Tope la Mlango wa Zizi

Fungueni madaftari, muandike neno hili: tope. Chini yake andikeni: ukwato. Maneno haya mawili hukutana kila masika mlangoni mwa zizi, na yakikutana mwenye kupata hasara ni wewe.

Katika Unguja mvua ya masika hunyesha tangu Machi mpaka Mei, na Aprili ndio mwezi wake mkubwa. Tazama kiwanja cha ng'ombe au punda wakati huo. Katikati majani yapo. Lakini mlangoni, penye hori na penye birika la maji, huoni hata jani moja. Ni tope tupu. Je, mvua imenyesha mlangoni peke yake? La. Wanyama wote hupita hapo asubuhi na jioni, tena husimama hapo wakikungoja. Uzito wote wa ng'ombe huangukia kwato ndogo. Mizizi ya majani hukatika, udongo hushindiliwa, maji yakakosa pa kupenya. Kisha samadi na mkojo huingia humo humo.

Ukwato ukikaa majimaji hulainika kama ukucha wa mtu aliyefua kutwa nzima. Kijiwe au msumari huuchoma upesi, na vijidudu huingia baina ya kwato. Mguu huvimba, huoza, ukanuka. Ng'ombe anayechechemea hali vizuri, na asiyekula hatoi maziwa. Akilala topeni, kiwele nacho huingia maradhi, na maziwa ya kiwele kigonjwa hayafai kuuzwa mjini wala kupewa mtoto.

Punda ana shida zaidi. Asili yake ni nchi kavu za kaskazini-mashariki ya Afrika, na manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi. Naye ndiye avutaye gari. Mguu mmoja ukimuuma, riziki ya siku imekwenda. Tena kuna pepopunda. Ugonjwa huu haukupewa jina la punda bure: vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, huingia kwa njia ya kidonda, na farasi na punda hushikwa nao kwa wepesi. Binadamu pia hushikwa. Basi usiingie topeni miguu mitupu, na uulize habari za chanjo katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Sasa tufanyeje? Wengi humwaga makumbi ya nazi juu ya tope. Kwa wiki chache mguu hauzami, hilo nakubali. Lakini makumbi huoza, na yakioza huwa tope jingine. Ukiyatumia, yazoe masika yakiisha. Wengine humwaga mawe juu ya tope lile lile. Mawe huzama, na fedha zako umezizika.

Anza na maji. Simama mlangoni mvua inaponyesha, utazame maji yanatoka wapi. Mara nyingi hutoka kwenye paa la banda lako mwenyewe! Chimba mtaro upande wa juu uyageuze yaende pembeni, wala si kwa jirani.

Kazi ya mawe ifanye wakati wa kaskazi, kabla masika hayajaingia. Kwangua tope mpaka ufike udongo mgumu, kiasi cha shibiri moja au zaidi kidogo. Tandika viroba vikuukuu vilivyopasuliwa, ili mawe yasizame. Panga mawe makubwa, juu yake kokoto, shindilia, kisha malizia kwa kifusi laini. Usiache jiwe kali juu. Katikati pawe na mgongo kidogo ili maji yateremke pande zote mbili. Wenzetu wa Paje na Makunduchi mawe wanayo tele. Wenye udongo wa kinamo mabondeni watafanya kazi zaidi. Mchanga usichimbe ovyo, kwani unatakiwa uwe na ruhusa.

Tufanye hesabu. Mlango una upana wa mita 3, na tunataka kujaza urefu wa mita 4 kwa kina cha robo mita. Tatu mara nne ni 12; robo ya 12 ni 3. Basi unataka mita 3 za ujazo. Gari la ng'ombe likibeba thuluthi moja ya mita ya ujazo, utakwenda safari 9. Ukijua hivyo, mwenye gari hatakuhesabia 12.

Asiye na fedha ahamishe hori na birika mbali na mlango, na afungue mlango wa pili upande wa juu, autumie huu mwezi huu na ule mwezi ujao. Kazi hiyo haina gharama ila jasho.

Kabla ya somo lijalo, pima mlango wa zizi lako kwa kamba. Andika upana, urefu na kina, piga hesabu, umwonyeshe mwalimu wako. Asiye na zizi apime la jirani, baada ya kubisha hodi.