Manukato ya Ijumaa na Haki ya Mti



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu. Ni sunna siku ya Ijumaa kuoga, kuvaa nguo safi na kujitia manukato, naye Mtume (S.A.W.) hakuwa akikataa manukato anapopewa. Leo na tuulizane: manukato yetu yametoka wapi?

Katika nchi kavu yenye mawe, kuanzia pembezoni mwa Mlima Meru hadi Monduli na Longido, huota msandali wa Afrika Mashariki, jamaa ya msandali wa India. Mafuta yake yamo katika kiini cha shina na katika mizizi. Mbao husagwa, hupitishwa mvuke, na mafuta yakapatikana. Kwa kuwa hayaruki upesi, mafundi wa manukato huyatumia kuishika harufu nyepesi ya maua isipotee. Wako pia wanaoyanusa kwa kutuliza moyo. Si vibaya, maadamu mgonjwa haachi dawa ya tabibu.

Lakini kwa tamaa ya mizizi, wavunaji hawakati tawi. Huung'oa mti mzima. Tena ipo misandali dume na misandali jike. Ya kike ikimalizwa, mbegu hukosekana. Na mche wake hautegemei udongo peke yake, bali hunyonya pia mizizi ya miti jirani, hivyo kuuotesha ni kazi. Kwa sababu hizo Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Tanzania na wa nchi jirani uliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, usivushwe mipaka bila kibali.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, anayeng'oa kwa siri ameiba mali ya umma, na anayenunua huku akijua amemsaidia. Je, yafaa mtu asimame mbele ya Mola wake akinukia dhuluma?

Basi mwulizeni muuzaji asili ya bidhaa yake. Nanyi wanafunzi, pandeni miti, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kupanda mche ulio mkononi hata Kiyama kikiwa kinasimama.

Ewe Mola, zisafishe nyoyo zetu kabla ya nguo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.