Kusema Kiingereza Bila Kukariri



Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali nchini Tanzania. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo kijana wa kidato cha kwanza hutakiwa ghafla kufikiri, kuuliza na kubisha kwa lugha ambayo hajapata kuitumia hata kuombea maji.

Kubisha ndilo neno kubwa hapa. Kuitikia kwa pamoja na kumalizia sentensi iliyoachwa na mwalimu si kusema.

Mwalimu akiulizwa kama wanafunzi wake husema, aghalabu hutaja mdahalo. Wanafunzi wanaijua siri ya mdahalo: hotuba iliandikwa jana usiku, ikasahihishwa na mwenzao hodari, ikakaririwa hadi nukta ya mwisho. Msemaji akikatizwa kwa swali, huanza upya.

Ukimya darasani mwalimu huuita uvivu. Mwanafunzi huona vingine. La kusema analo, tena kwa Kiswahili fasaha. Anachokiogopa ni kicheko cha wenzake, na zaidi ya hicho, masahihisho ya papo hapo: hajamaliza kueleza jinsi ng'ombe wa jirani walivyoingia shambani, amekwisha kukatizwa mara 3 kwa sababu ya nyakati za vitenzi. Ng'ombe wanabaki shambani.

Mwalimu naye ana haki ya kusikilizwa. Darasa limefurika, muhtasari ni mrefu, na mtihani hupima kalamu zaidi kuliko ulimi. Tena kuna jambo lisilosemwa sana katika semina: usemi wa papo kwa papo humpeleka mwalimu mahali asipopatayarisha. Mwanafunzi akiuliza Kiingereza cha upawa au cha mbuzi ya kukunia nazi, andalio la somo halisaidii. Mwalimu aliyefunzwa kwa kukariri hulinda heshima yake kwa kurudi kitabuni.

Dakika 10 za kipindi zatosha kuanzia. Wanafunzi 2 wa dawati moja waelezane jambo ambalo mmoja wao kweli halijui. Mwalimu apite akisikiliza, ayaandike makosa, kisha ayatoe ubaoni bila kumtaja aliyekosea. Neno la Kiswahili likijipenyeza, lisitozwe faini wala kuvalishwa kibao. Litafutwe katika kamusi na wote, mwalimu akiwamo.