Padre na Siasa: Ng'ambo Mbili za Ruvuma

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Magomeni, Mtwara

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti,

Nimeombwa niseme juu ya Ukristo na siasa. Najua wako wanaoshangaa. Hapa Magomeni wengi wetu ni Waislamu, na hata mkutano huu tumeungoja uanze baada ya sala ya alasiri. Mbona basi tusumbuliwe na habari za mapadre? Nasema zinatuhusu sote. Neno hili "acha siasa" likizoeleka kuambiwa padre, kesho ataambiwa shekhe, na keshokutwa ataambiwa mkulima wa korosho anayeuliza kwa nini bei imeshuka.

Husemwa ati Kanisa halina siasa. Mimi sijaona historia ya kusini ikilithibitisha neno hilo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua watu waliokombolewa utumwani, akawatoa Unguja na kuwapa makao Masasi. Je, kumtoa mtu utumwani ni dini au ni siasa? Wenye watumwa hawakuwa na shaka kwamba ni siasa. Miaka 30 hivi baadaye, Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Kingoni pale Songea, tarehe 27 Februari 1906, padre aliingia kwanza akawabatiza baadhi yao, kisha wakapelekwa kitanzini. Huenda alifanya hivyo kwa huruma ya kweli. Lakini machoni pa wenyeji maji yale na kamba ile vilitoka katika nyumba moja.

Sasa natazama ng'ambo, maana sisi wa Mtwara hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mto ni mmoja, Wamakonde wako huku na huku, na msalaba ni ule ule. Tarehe 7 Mei 1940 serikali ya Salazar ilitia saini mapatano na Vatikani. Tangu hapo misheni za Kikatoliki za Msumbiji zililipwa na serikali, shule za wenyeji zikawekwa mikononi mwao, na askofu hakuwekwa mpaka serikali iulizwe kwanza kama inaye kinyongo cha kisiasa. Huko mahubiri ya "tusiingilie siasa" yalihubiriwa na Kanisa lililokuwa limekwisha kuingia siasa mpaka shingoni. Walikuwapo waliokataa. Askofu Soares de Resende wa Beira alisema wazi juu ya shuruti za pamba na kazi za nguvu. Lakini walikuwa wachache.

Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao. Wazee mnakumbuka jinsi wenzetu walivyovuka mto. Mwaka huo huo wa 1960 huku kwetu alikuja askofu mpya Masasi, Trevor Huddleston. Huyu alikuwa padre Sophiatown, Johannesburg, akapigana na serikali ya makaburu ilipowafukuza Waafrika katika nyumba zao, na mwaka 1956 akaandika kitabu juu ya mambo hayo. Makaburu walimwambia nini? Walimwambia arudi kwenye sala zake. Alikaa Masasi mpaka 1968, na siasa hakuiacha melini. Haya, ng'ambo mbili za mto mmoja, katika mwaka mmoja: ni ng'ambo ipi ambayo Kanisa halikuwa na siasa? Hakuna. Tofauti ilikuwa ni kuwa upande wa nani.

Vita vya Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, na majeruhi wa Frelimo wakatibiwa hapa hapa Mtwara, mapadre wa ng'ambo walizidi kubanwa na dhamiri zao. Tarehe 1 Julai 1970 Papa Paulo wa Sita aliwapokea viongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Guinea, na Ureno ikakasirika hata ikamwita nyumbani balozi wake. Mwaka 1971 Mapadre Weupe waliondoka Msumbiji wote, kwa hiari yao. Waliona kwamba kukaa pale bila kusema ni sawa na kuunga mkono. Desemba 1972 askari wa Ureno waliua mamia ya wanakijiji huko Wiriyamu, na habari hizo zilifika kwa ulimwengu kwa sababu wamisheni waliziandika, na padre Adrian Hastings akazipeleka katika gazeti la London Julai 1973. Wale wamisheni wangalitii neno la kuacha siasa, maiti wa Wiriyamu wangalizikwa mara mbili.

Wenye kunipinga hunitajia sarafu ya Kaisari. Ndiyo, Yesu aliulizwa juu ya kodi. Lakini waliomwuliza walikuwa wanamtegea, na wote walijua kuwa hilo ni swali la siasa. Na mwisho wake aliuawa na liwali wa Kirumi, na juu ya msalaba likaandikwa shtaka: ati alijifanya mfalme. Hilo si shtaka la kukosea sala.

Wala sisemi padre apande jukwaani kutuambia tumpigie nani kura. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, na mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu Pugu kwa ajili ya TANU, lakini chama chake hakikumwuliza mtu dini yake. Mwaka 1970 serikali yake ilizichukua hata shule za misheni, maana watoto wa Kiislamu wa pwani hii walikuwa wamekosa elimu mno. Mwaka huo huo, Oktoba, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mambo yanayomfunga mtu katika umaskini, halitakuwa na maana kwa watu. Alilinyang'anya shule, akaliomba sauti. Mimi sioni kigeugeu hapo.

Tuseme na yetu ya ndani. Agosti 2023 maaskofu Katoliki walitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na kampuni ya Dubai. Walikuwapo waliowajibu kwa hoja za mkataba, na hao ninawaheshimu, hata kama sikubaliani nao. Lakini wengine walijibu kwa kusema tu kwamba maaskofu warudi madhabahuni. Ndugu wanachama, hao hao ndio wanaowaalika mapadre na mashekhe wafungue mikutano yetu kwa dua, na kuwapigia makofi wanapotuombea ushindi. Ikiwa dua ya kutuombea ni halali, basi na swali lao ni halali, na tulijibu.

Nani atakayeumia? Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado inawaka moto. Oktoba 2020 vita vilivuka mto vikafika Kitaya, wilaya yetu hii. Wauaji wale hujiita watetezi wa Uislamu, na waliowakimbia wengi ni Waislamu. Aliyepaza sauti kwa ajili ya wakimbizi hao, akisema serikali inaficha ukubwa wa maafa, ni askofu Mkatoliki wa Pemba, Luiz Fernando Lisboa. Alitukanwa magazetini kuwa anaingilia siasa. Februari 2021 Papa alimhamishia Brazil. Mwezi uliofuata Palma ilishambuliwa.

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imeinuka. Nakaa chini niulizwe.