Waliokwenda kwa Kupenda: Kumbukumbu ya Safari za Magari katika Bahari ya Mchanga



Siku za mapumziko huko Oman, katika wilaya ya Bidiya, mahali ambapo lami huishia na mchanga wa Wahiba huanza, mgeni huona jambo la kushangaza. Magari yaliyokuwa yakienda mbio husimama yote kwa pamoja. Madereva hushuka, huchutama kando ya matairi, na kuanza kuutoa upepo waliokwisha kuujaza mjini. Tairi lenye kipimo cha 35 hushushwa mpaka kama 15, likabonyea na kutandaa chini mithili ya wayo wa ngamia. Hapo ndipo msafara unapoingia mchangani, gari moja nyuma ya jingine, wala hakuna anayekwenda peke yake. Wamo miongoni mwa madereva hao wazungumzao Kiswahili, waliozaliwa Unguja au waliokirithi lugha hiyo kwa wazazi wao, na ukiwauliza nani aliyewafundisha, watakutajia kaka, mjomba au rafiki.

Aliyemfundisha mjomba huyo naye alifundishwa na mwingine. Ukiufuata uzi huo kurudi nyuma, utafika katika jangwa la Libya, upande wa magharibi wa Misri, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kundi dogo la watu waliokuwa wakitumia likizo zao na fedha zao wenyewe kuendesha magari mahali ambapo hapakuwa na njia.

Kiongozi wao alikuwa Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyezaliwa mwaka 1896. Alikuwa amepelekwa Cairo kikazi, na huko akakuta wenzake wachache wenye ugonjwa kama wake: siku za mapumziko hawakuzitaka za mpira wala za karamu, walizitaka za gari na upeo wa macho. Walianza kwa safari fupi za Sinai, kisha Palestina na Petra. Baadaye wakageuza nyuso zao magharibi, na huko ndiko ulikokuwa mtihani wenyewe.

Kati ya chemchemi ya Siwa na nyanda za juu za Gilf Kebir imelala ile iitwayo Bahari Kuu ya Mchanga. Vilima vyake vimepangana mistari mirefu kutoka kaskazini kuelekea kusini, vingine vikipanda hadi mita 100 na zaidi. Waarabu huviita vilima virefu vya namna hiyo seif, yaani upanga, jina ambalo kila mtaa wa Waswahili unalo mtu wake, kwa kuwa mgongo wa kilima umechongoka kama makali. Mwaka 1874 Mjerumani Gerhard Rohlfs alijaribu kwenda magharibi kwa ngamia kutoka Dakhla. Vilima vikamzuia, akalazimika kugeuka kaskazini na kufuata mabonde baina yake mpaka Siwa. Ikiwa ngamia alishindwa, nani angeamini kwamba lori la Ford lingeweza?

Mwaka 1929 Bagnold na wenzake walitoka Ain Dalla, chemchemi ya mwisho, wakafika chini ya ukuta wa kwanza wa mchanga. Mchana ule mwanga ulikuwa mkali na mchanga hauna kivuli, kiasi kwamba jicho haliwezi kujua kama kilicho mbele ni mteremko au ni ukuta. Hakuna aliyejua gari litafanya nini. Bagnold alirudi nyuma kidogo, akatia gia, akakiendea kilima kwa kasi ya kilomita zipatazo 60 kwa saa. Waliotazama walitegemea kuona gari likijizika mpaka ekseli. Badala yake pua ya gari iliinuka, likapanda kwa ulaini, bila mtikisiko, na dakika hiyo hiyo likawa limesimama juu, likiwatazama kutoka angani.

Siri ilikuwa katika upepo. Upande wa kilima unaopigwa na upepo daima umeshindiliwa, chembe kwa chembe, hata ukaweza kubeba mzigo ilimradi tairi ni pana na laini na mwendo haukatwi. Upande wa pili ni mchanga uliodondoka tu, umelala kwa mwinamo wa nyuzi kama 33, na ukiugusa unaporomoka. Basi dereva alipaswa kupanda kwa kasi, kisha aache kukanyaga mafuta kabla ya kufika ukingoni. Akichelewa, gari huruka. Akiwahi mno, hukwama. Sanaa yote imo katika hatua hizo chache, na haisomwi katika kitabu.

Kukwama kulikuwa desturi ya kila siku, wala hakukuwa fedheha. Katika duka la vyuma chakavu mjini Cairo, Bagnold alikuwa ameokota mabamba marefu ya chuma yaliyotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya kuezekea mahandaki. Gari likizama, watu hufukua mchanga kwa mikono mbele ya magurudumu, wakaingiza mabamba, dereva akaachia klachi taratibu, na wenzake wakasukuma. Likitoka, halisimami tena mpaka lifike penye ardhi ngumu. Waliosukuma huliandama kwa miguu, mabamba mabegani. Leo mabamba ya jinsi hiyo huuzwa ya plastiki, yenye rangi za kupendeza, na wengi wanaoyafunga juu ya magari yao hawajapata kuyatumia.

Magari yenyewe yalivuliwa nguo, kama mtu aendaye kuogelea. Kilichoweza kuachwa kiliachwa, kwa kuwa kila ratili iliyopunguzwa ilikuwa ratili ya maji au petroli iliyoongezwa. Petroli ilibebwa katika madebe ya galoni 4, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Madebe yale yale ambayo Afrika Mashariki yaligeuka kipimo cha mahindi na chombo cha kuchotea maji. Madebe hayo yalivuja, na kila tone lililopotea lilikuwa hatua moja iliyopunguzwa katika safari ya kurudi.

Maji yalitisha zaidi. Injini ikichemka, mvuke hutoka katika rejeta na kupotea, na gari hunywa kile ambacho mtu angekunywa. Askari waliofanya doria kwa magari ya Ford mpakani mwa Misri wakati wa vita vya kwanza walikwisha kulitafutia dawa, na Bagnold akaiboresha: mrija kutoka kwenye rejeta ukaingizwa katika kopo lililofungwa ubavuni mwa gari na kujazwa maji nusu. Mvuke ukageuka maji humo. Injini ilipochemka sana, dereva aligeuza gari likabili upepo, akazima, na wote wakangoja wakisikiliza mpaka maji yakagugumia na kufyonzwa kurudi mahali pake. Kwa namna hiyo hata tone halikupotea.

Dira ya kawaida haikufaa, kwa sababu chuma cha gari huipotosha. Walitumia dira ya jua: kisahani kilichogawanywa nyuzi 360 na sindano iliyosimama katikati, kivuli chake kikionyesha mwelekeo. Usiku, wengine wakijikunja katika mablanketi, mmoja alibaki na darubini ya kupimia akisoma nyota, akisikiliza ishara za saa katika redio, mpaka akaweza kutia nukta katika karatasi iliyokuwa tupu. Asubuhi walijua walipo. Ni vigumu kwa kizazi cha simu yenye setilaiti kuonja furaha iliyokuwamo katika nukta ile.

Lakini yote haya, matairi, mabamba, kopo na kisahani, yasingefaa kitu bila sharti moja ambalo halikuandikwa popote: mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma. Gari moja likivunjika springi, yote yanasimama. Huko hakuna wa kukupita njiani akakusaidia.

Mwaka 1930 walirudi, akiwamo Bill Kennedy Shaw, mpenzi wa mambo ya kale, na Douglas Newbold, mtumishi wa serikali ya Sudan. Safari hii waliikata Bahari ya Mchanga, wakashuka kusini hadi mlima Uweinat, na hatimaye wakatokea Wadi Halfa, ukingoni mwa Nile. Huko, katika baa ya Mgiriki mmoja, watu wenye vumbi mpaka kopeni wakaunda chama chao, wakakiita kwa jina la Zerzura: mji mweupe wa hadithi za Waarabu, wenye ndege aliyechongwa langoni na ufunguo mdomoni mwake, ndani mfalme na malkia wakiwa wamelala juu ya hazina. Kila mmoja alidai anautafuta. Wadi Halfa ile ya zamani ilimezwa na ziwa baada ya kujengwa bwawa kuu la Aswan katika miaka ya 1960, kwa hiyo baa ya watu wa jangwa sasa iko chini ya maji.

Haki itendeke hapa. Bagnold alipoandika kitabu chake mwaka 1935, aliita nchi ile ulimwengu uliokufa. Haikuwa hivyo kwa Watebu na Mabedui waliozijua njia zake kwa vizazi, wala kwa Mmisri Ahmed Hassanein Bey, aliyefika Uweinat kwa ngamia mwaka 1923, kabla ya magari hayo. Na mapema mwaka 1931 jangwa hilo liliona mauti ya watu hai. Majeshi ya Italia yaliiteka Kufra, na familia nzima zikakimbilia mashariki, wazee na watoto, katika nchi isiyo na kisima. Pat Clayton, mpima ardhi wa serikali ya Misri na mtu wa duara lile lile la wapenda jangwa, aliwakuta wakimbizi hao. Akaacha kazi ya ramani, akayageuza magari yake kuwa ya kubebea maji na watu, akaenda na kurudi. Wengi walikufa, waliookolewa waliokolewa kwa sababu mtu mmoja alijua namna ya kuendesha gari mahali pale.

Mwaka uliofuata, 1932, Bagnold na wenzake walilikata jangwa tena na kufika hadi El Fasher huko Darfur. Mwaka huo huo Clayton alisafiri na kundi jingine, ambamo alikuwamo László Almásy wa Hungaria, dereva hodari na mpenzi mkubwa wa Zerzura. Walikula pamoja, wakasukumiana magari, wakasomeana ramani.

Kisha vita vikaja. Juni 1940 Italia iliingia vitani, na Bagnold, aliyekuwa tena Misri, akampelekea Jenerali Wavell shauri la kuunda kikosi cha doria za mbali, Long Range Desert Group. Alihitaji watu waliokwisha kukwama na kujikwamua, nao aliwajua kwa majina. Kennedy Shaw aliitwa kutoka Palestina. Clayton alitafutwa akapatikana Tanganyika, alikokuwa akipima ardhi, akasafirishwa hadi Cairo. Askari wengi wa kwanza walikuwa wakulima wa New Zealand, nao walifundishwa kwa wiki chache tu yale ambayo wenzao walijifunza kwa miaka ya likizo: kupunguza upepo, kuingiza mabamba, kufuata kivuli cha sindano. Ndipo yakafanyika mashambulizi katika vituo ambavyo adui aliamini vinalindwa na mchanga wenyewe. Mwishoni mwa Januari 1941 Clayton alijeruhiwa na kutekwa karibu na Gebel Sherif.

Upande wa pili wa vita alikuwa Almásy. Mwaka 1942 aliwapitisha majasusi wawili wa Kijerumani kutoka Jalo mpaka Assiut, akipita Gilf Kebir, kwa ujuzi ule ule na katika nchi ile ile. Filamu ya mwaka 1996 iliyotokana na kisa chake ilimpamba kwa mapenzi ambayo hayakuwahi kutokea. Kisa halisi hakikuhitaji pambo hilo: watu waliochimbuana katika mchanga sasa walikuwa wakiwindana humo, kila mmoja akijua mwenzake angelala wapi na angepita bonde gani.

Bagnold mwenyewe aliondoka katika uongozi wa kikosi mwaka 1941, na wengi wangesema kumbukumbu yake ingebaki ya vita. Haikuwa hivyo. Swali lililomsumbua lilikuwa la siku ile ya 1929: kwa nini kilima kilimbeba? Kabla ya vita alikuwa amejenga London handaki la upepo, akapima jinsi chembe inavyoruka, inavyoanguka na kuirusha nyingine, na mwaka 1941, huku mabomu yakianguka, kitabu chake cha fizikia ya mchanga kikachapishwa. Miaka mingi baadaye vyombo vya angani vilipopiga picha za vilima vya mchanga katika sayari ya Mirihi, wataalamu wa NASA walikifungua kitabu hicho, na mwaka 1977 walimwalika mzee huyo, mwenye umri wa miaka 81, azungumze katika mkutano wao. Alifariki mwaka 1990.

Katika kreta ya Gale huko Mirihi kuna vilima vyeusi vya mchanga vilivyopewa jina lake, na mwishoni mwa mwaka 2015 gari la utafiti Curiosity lilivifikia na kuviendea polepole, sentimita kwa sentimita. Halikuwa na mwenzake wa kulisukuma. Magurudumu yake ni ya aluminiamu, hayana upepo wa kupunguza.