Nani Anamfasiria Mama wa Mtoto?



Mhadhara wa uprofesa kwa desturi huanza na nadharia. Niruhusuni nianze na uongo niliousema nikiwa na umri wa miaka 12.

Shangazi yangu aliletwa hospitali kutoka kijijini. Alizungumza Kisukuma, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei za gulioni. Mimi nilikuwa darasa la sita, basi nikateuliwa mkalimani. Daktari, ameinamia faili, akasema: "Muulize damu inamtoka tangu lini, na kama inamtoka baada ya kukutana na mumewe." Maneno ya Kisukuma ya swali lile niliyajua. Kinywa cha kuyatamkia mbele ya dada wa baba yangu sikuwa nacho. Nikamgeukia, nikamuuliza kama amekula. Akajibu kwamba asubuhi alikula viazi. Nikamgeukia daktari: "Anasema hapana."

Daktari akaandika mstari mmoja wa Kiingereza, akafunga faili. Tukarudi na vidonge vya maumivu. Aliporudishwa mwaka uliofuata, saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imekwishasambaa.

Daktari yule simlaumu sana. Foleni ilikuwa imefika barazani na hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Kinachonikera ni kwamba hadi leo, akija mgonjwa asiyejua Kiswahili, tunachungulia mlangoni na kuuliza: "Kuna ndugu yake yeyote hapo nje?" Tunamtwisha ndugu kazi ya ukalimani saa ileile ambayo yeye mwenyewe anahitaji mtu wa kumweleza taratibu kinachomsibu mgonjwa wake.

Linganisheni na mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi ufasiriwe kwa mshtakiwa kwa lugha anayoielewa. Mwaka 2021 Bunge lilikwenda mbele zaidi, likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Aliyeshtakiwa kwa wizi wa mbuzi anafasiriwa. Mama anayetakiwa kuweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa ili mwanawe apasuliwe anamtegemea jirani wa kitanda cha pili. Katika miaka yangu ya kuzunguka hospitali za wilaya nimesoma ikama nyingi: nafasi ya dereva ipo, ya dobi ipo, ya fundi umeme ipo. Ya mkalimani sijaiona.

Najua jibu la haraka: Watanzania wote wanajua Kiswahili. Anayesema hivyo namkaribisha Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko mahali pa ajabu kwa mwanaisimu. Kuna Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, Wanyisanzu na Wanyiramba ambao ni Wabantu, na Wahadzabe, ambao lugha yao ya vidoko haina ndugu anayejulikana. Ni watu wa mbari nne za lugha, na benchi la kusubiria linaweza kuwa moja. Vijana wengi wa huko Kiswahili wanakijua vizuri. Bibi zao, na hasa wanawake wa maboma ya mbali, hawakijui vya kutosha kuelezea maumivu.

Chukueni Wadatoga peke yao. (Wengi humu mnawaita Wamang'ati. Hilo ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui, na si jina la kumwitia mtu.) Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa huepuka kutamka jina la baba mkwe wake na majina ya wazee wa upande wa mume, pamoja na maneno ya kawaida yanayofanana nayo kwa sauti. Ana maneno mengine ya kuziba nafasi hizo, na wenzake humwelewa bila shida. Sasa mwekeni kwenye dirisha la mapokezi. Mgonjwa ni baba mkwe, na aliyemsindikiza ni mke wa mwanawe. Karani anauliza, "Mgonjwa anaitwa nani?" Mwanamke ananyamaza. Karani anarudia kwa sauti kubwa, kana kwamba tatizo ni masikio. Mwishowe mama wa watu anaonekana mjinga, ilhali anatimiza adabu ambayo karani hajawahi kufundishwa.

Hata pale neno linapofahamika kuna mtego. Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Familia yake, yenye asili ya Kuba, ilisema kwa Kihispania kwamba ni "intoxicado", yaani kuna kitu alichokula au kunywa kilichomdhuru. Wahudumu wakasikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ubongoni. Kijana akapooza mikono na miguu, na fidia iliyotajwa baadaye ilifika dola milioni 71. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa sababu kila upande uliamini umeelewa.

Nasi tunayo maneno ya namna hiyo ndani ya Kiswahili hikihiki. Mwambie mtu majibu yake ni "chanya": kwenye hotuba za viongozi chanya ni jambo jema, kwenye maabara huenda ni maambukizi. Mgonjwa anasema mguu unamuuma, nawe hujui kama ni paja au kisigino. Mzazi akisema mtoto ana degedege, daktari anafikiria malaria au homa kali, ilhali bibi wa mtoto huenda anafikiria shetani, na anaogopa kwamba sindano itamuua mjukuu. Hapo wote wanazungumza Kiswahili fasaha.

"Fedha zitatoka wapi?" Swali hili naulizwa kila mahali, kwa hiyo nalijibu kabla halijaulizwa. Wakalimani tunao tayari, tunawatumia bila kuwalipa. Ni mama wa usafi anayeitwa aache ufagio, ni mlinzi anayetolewa getini, kwa sababu tu wanatoka upande ule. Waandikwe majina na lugha zao, wawekwe kwenye orodha ya zamu, walipwe posho. Wafundishwe mambo machache: kutunza siri, kusema yote yaliyosemwa hata yale ya aibu, kutomjibia mgonjwa, kukiri pale neno linapowashinda. Lugha ikikosa mtu zamu hiyo, ipigwe simu hospitali ya jirani iliyo naye. Na mtoto wa shule asifanywe mkalimani, isipokuwa roho inakatika na hakuna mwingine.

Kuna muuguzi mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu ni mwanamke wa haya, aliyenifundisha zaidi ya vitabu. Mama mmoja alirudi kwake na mtoto aliyezidiwa. Siku chache kabla alikuwa ameambiwa, kwa Kiswahili, ampe dawa ya maji "kijiko kimoja kila saa nane". Akatii. Kila siku, ilipotimu saa nane mchana, alimpa kijiko kimoja. Alikuwa akiazima simu ya jirani ili asikosee dakika.

Muuguzi hakumgombeza. Alimwita mhudumu wa usafi aliyejua lugha ya yule mama, akampa mama chupa na kijiko mkononi. "Nionyeshe utakavyompa ukifika nyumbani." Wakapanga siku upya, bila saa ya mtu yeyote: jogoo wa kwanza, jua la utosini, na mbuzi wakishafungwa zizini. Mama akarudia yote kwa mdomo wake, huku akimimina hewa kwenye kijiko mara tatu. Kisha akauliza jambo, na mhudumu wa usafi akacheka kidogo kabla ya kufasiri: je, mtoto akiamka usiku wa manane akilia, afanyeje?

"Hapo mpe ziwa," akasema muuguzi.