Mwana Aliye Tofauti katika Nyumba ya Kiislamu: Mada kwa Walezi wa Karatu na Ngorongoro



Jambo nililotwikwa kulinena leo ni zito kwa wasikilizaji na si jepesi kwa msemaji, kwani linamhusu mwana wa Kiislamu aliyefunzwa alifu na bee, akahitimu juzuu zake, akafunga Ramadhani tangu hajabaleghe, na ambaye, alipofika umri ambao wenziwe huanza kuwatazama mabinti, aliiona nafsi yake yaelekea kwa vijana wa jinsia yake, na tangu hapo amekuwa akisimama safu moja na babaye huku moyoni ana siri ambayo hakuichagua wala hajui amwambie nani. Wapo watakaosema kwamba mwana wa namna hiyo hapatikani Karatu. Mimi nasema yupo, kwa kuwa yupo kila palipo na watu, na asiyepata kumwona hakumwona kwa sababu mwenyewe amejificha, na amejificha kwa kuwa anatujua.

Tutazame kwanza mahali petu. Wilaya ya Karatu ni ya Wairaqw kwa wingi, na Wairaqw kwa wingi ni Wakristo. Waislamu wa mjini Karatu, wa mashamba ya vitunguu ya Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, na wale wachache wenye maduka ng'ambo ya lango la Lodoare, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mpaka Endulen, aghlabu ni watu waliotoka kwingine au wana wa waliotoka kwingine: Kondoa, Singida, mwambao. Idadi yao sensa haitwambii, maana tangu mwaka 1967 serikali haikuuliza tena dini ya mtu. Basi mtu aliyehama kwao hana ukoo mkubwa jirani, na jamaa wa msikitini ndio huwa ukoo wake; hao ndio watakaomposea mke, watakaomkopesha mtaji wa mbegu na dawa za vitunguu, na ndio watakaomkafini siku yake ikifika. Kijana wa Kariakoo akitazamwa vibaya katika msikiti mmoja aweza kuvuka barabara mbili akasali kwingine asikojulikana. Wa huku hana pa kuvukia, na neno lililosemwa kibarazani baada ya Ijumaa litakuwa limefika Mang'ola kabla ya Magharibi.

Na kwa kuwa mji huu unakula kwa utalii, tuhuma ya kwanza imekwisha kuandaliwa: ameiga Wazungu. Kama kakaye huosha magari ya kampuni za safari, au yeye mwenyewe huuza shanga na vinyago penye malango ya hoteli, basi husemwa ndipo alipofunzwa. Tuhuma hiyo haisimami. Vitabu vya fiqhi vilivyoandikwa karne nyingi kabla mtalii wa kwanza hajachungulia Kreta ya Ngorongoro vimelijadili jambo hili kwa kirefu, na wanazuoni hawakuwa watu wa kupoteza wino kwa jambo lisilokuwapo. Na juu ya mwambao wetu wenyewe, watafiti kama Gill Shepherd, aliyeandika mwaka 1987 juu ya Mombasa, wameonyesha kwamba watu wa namna hii walijulikana mitaani, wakatajwa kwa majina yao, wakaalikwa arusini. Kilichokuja kwa meli ni kifungu cha sheria cha kuliadhibu jambo hili. Waingereza walipoitwaa Tanganyika walituletea Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, pamoja na kifungu chake cha 377, kisha mwaka 1930 wakaweka Kanuni ya hapa, na kutoka humo tumerithi kifungu cha 154, ambacho tangu marekebisho ya mwaka 1998 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 na chaweza kufika maisha. Sikuja kuwafundisha sheria. Natia neno moja tu, kwamba kifungu hicho chahukumu tendo, na mwana ninayemnena aghlabu hajatenda lolote. Ana miaka 15 au 16, na yote aliyo nayo ni yale anayoyahisi.

Siri hiyo ikijulikana, la kwanza wafanyalo wazee wengi ni kumpeleka kusomewa. Husemwa ana jini mahaba, jini la kike lililomwandama likamtia chuki na wanawake. Basi mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya waridi na maji, na kijana akalinywa kombe hilo asubuhi kabla hajatia kitu kinywani, siku baada ya siku, huku mamaye ameketi upenuni akimtazama uso kama atazamaye chungu kama kimechemka. Mimi sina ugomvi na kombe. Nimelinywa utotoni kwa homa na kwa mtihani wa darasa la saba. Lakini fikirini hali ya kijana huyu, ambaye pengine ndiye aliyelinywa kwa imani kuliko wote waliomzunguka, kwa sababu yeye ndiye aliyetamani kupona kuliko wao. Anangoja. Hakuna kinachobadilika. Mwalimu atasema jini ni sugu, baba atasema kijana hana nia, na kijana mwenyewe, ambaye haijampitikia kwamba huenda waliomwambia ni mgonjwa ndio waliokosea, ataondoka na fikira ya kutisha kupita zote, kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu yameingia tumboni mwake yakamkataa. Vijana wanaoiacha sala kwa njia hii ni wengi kuliko tunavyodhani, nasi husema wameharibiwa na dunia.

Na juu ya neno hilo la ugonjwa, Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya maradhi tarehe 17 Mei 1990. Na wale wanaoona kwamba dawa ni kumwoza mapema, nawaomba wamfikirie binti wa watu atakayeolewa awe dawa.

Sasa nije kwenye dini, nami nitasema kwa hadhari, kwa kuwa si mufti. Wanazuoni wa madhehebu manne wamekubaliana kwamba tendo ni haramu, na dalili yao kubwa ni kisa cha kaumu Lut, kinachosimuliwa katika Al-A'raf, na Hud, na Ash-Shu'araa na kwingineko, na kila mwenye tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, iliyotoka mwaka 1969, aweza kukisoma kwa Kiswahili. Katika adhabu hawakukubaliana: Imamu Abu Hanifa hakuona kuwa pana hadi, yaani adhabu maalumu ya sharia, akalifanya jambo la kumtia mtu adabu tu, ilhali wengine waliona kinyume. Na katika kuhisi, bila kutenda, hawakuona dhambi, kwa kuwa mtu hahesabiwi mawazo yaliyompitia asiyoyafuata. Wapo katika zama hizi, kama Scott Siraj al-Haqq Kugle katika kitabu chake cha mwaka 2010, wanaosema kwamba kosa la kaumu ile lilikuwa kumkanusha Nabii wao, kuwavamia wageni na kukata njia za wasafiri, na kwamba mapenzi ya watu wawili walioridhiana hayakuwa ndiyo shabaha. Mimi naona hoja hiyo ya kuvamiwa kwa wageni ina uzito ambao hatujaupima sawasawa, lakini sitawadanganya kwamba imeshinda, wala sidhani kwamba kijana wetu aweza kungoja mpaka wanazuoni wamalize mjadala ndipo aambiwe kama aweza kula daku pamoja na nduguze.

Lililo wazi, na ambalo hakuna madhehebu yaliyolibishia, ni sitara. Hukumbukwa kisa cha Sayyidna Umar, aliyekuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti ndani ya nyumba, akaparamia ukuta, akamkuta mtu katika maasia; na alipomkaripia, mtu yule alimjibu kwamba yeye amemwasi Mungu mara moja, lakini Amiri wa Waumini amemwasi mara tatu, kwa kupeleleza, na kuingia nyumba pasipo mlango wake, na kuingia bila idhini wala salamu. Umar, ambaye viongozi wa mataifa walimhofu, hakuwa na la kujibu, akamsamehe akaenda zake. Sasa pimeni mwenendo wetu. Kaka anayeipokonya simu ya nduguye usiku na kuisoma yote, mwalimu wa bweni anayewatuma wanafunzi wamchunguze mwenzao, jirani anayelitamka jina la mtoto wa watu sokoni pamoja na lile neno la kashfa: hawa wote hudhani wanaitetea dini, ilhali katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu, anayemzulia mwenziwe tendo hilo bila mashahidi wanne ndiye anayestahili kuchapwa. Ndiyo maana ulipotangazwa Dar es Salaam, Oktoba 2018, mwito wa wananchi kuyapeleka kwa serikali majina ya watu wanaodhaniwa kuwa mashoga, mwito uliotoka kwa Mkuu wa Mkoa wa huko, Bwana Paul Makonda, aliyekuja kuwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Arusha mwaka 2024, mimi nilistaajabu kuona Waislamu wakiushangilia. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema siku chache baadaye kwamba hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe. Sisi tulikuwa na sababu ya kuyakataa kabla ya Wizara.

Alikuwapo mtu mmoja ambaye maisha yake yaonyesha kijana huyu aendako akikua bila kuiacha qibla. Muhsin Hendricks wa Cape Town, Afrika Kusini, alizaliwa katika nyumba ya dini, babuye akiwa imamu. Akasoma elimu ya dini Karachi, akaoa, akazaa, akaachana na mkewe, na mwaka 1996 akajitangaza kuwa ni Mwislamu na kuwa ni shoga, akafungua nyumba yake kwa Waislamu wa hali kama yake. Hakudai kwamba njia yake ilikuwa nyepesi. Tarehe 15 Februari 2025, huko Gqeberha, gari alimokuwa lilizuiwa njiani na watu waliojifunika nyuso wakampiga risasi akafa. Baraza la masheikh la nchi ile, ambalo lilikuwa limemkana kwa miaka mingi na halikubadili msimamo wake, lililaani kuuawa kwake. Naliona jambo hilo kuwa funzo kwa masheikh waliopo hapa: yawezekana kumpinga mtu katika masuala ya fiqhi na bado kuitetea damu yake, ingawa laiti wangalisema kwa sauti hiyo hiyo alipokuwa hai.

Na juu ya kuwafukuza watu makwao, jirani zetu Wairaqw walikuwa na metimani, desturi ya kumtenga mtu au nyumba iliyoangukiwa na jambo la mkosi, asishirikiane na wengine moto wala chakula. Ilikuwa desturi kali, na mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa walionja ukali wake kuliko wote. Hata hivyo ilikuwa na muda wake na namna ya kuihitimisha, mtu akarudi miongoni mwa watu. Kutenga kwetu hakuna muda. Baba humwambia mwana asionekane tena nyumbani, na hakuna shekhe wala mzee aliyepewa kazi ya kusema: sasa yatosha, mrudisheni. Wala Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomwita mtoto kila asiyetimiza miaka 18 na kumbebesha mzazi wajibu wa chakula, makazi na hadhi yake, haikuweka aina ya mtoto ambaye mzazi ameruhusiwa kumtupa.

Kwa hiyo mapatano ambayo kijana huyu ayatafuta, baina ya dini yake na jamaa zake na nafsi yake, kwa sehemu kubwa hayamo mikononi mwake. La Mungu atalishughulikia yeye na Mola wake kwa miaka mingi, pengine umri mzima. La nyumba lamngoja baba, na mara nyingi mama, ambaye aghlabu alijua mapema kuliko wote akanyamaza. Mwalimu wa madrasa akijiwa na kijana wa namna hii asimtake ataje majina ya wenzake, asimpeleke kwa babaye bila ridhaa yake, asimwondoe katika safu wala katika usomaji wa maulidi aliouzoea. Na akimwona amekata tamaa ya kuishi, asimwache peke yake usiku huo, na asubuhi amfikishe hospitali.

Limebaki jambo moja la kukubaliana kabla ya adhuhuri. Kijana akifukuzwa Karatu usiku, katika baridi ya Juni, basi la Arusha halitaondoka mpaka alfajiri, na stendi saa hizo si mahali pa mtoto. Naomba kila msikiti uliowakilishwa hapa utaje nyumba moja, ya watu wazima wanaoaminika, mke na mume, ambayo itampokea bila maswali mpaka wazee wakae na babaye, na jina la nyumba hiyo limfikie ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya leo.