Unene Si Wingi wa Damu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa mwaka)



Katika mkutano huu tumezoea kusikia habari za mazishi, karo za shule na kodi za nyumba, nazo zimekwisha kusomwa vizuri na Mweka Hazina. Sisi tuliowekwa juu ya Mfuko wa Wagonjwa tumeomba nafasi tuseme juu ya damu, hasa damu ya binti zetu wanene. Twaileta habari hii mbele yenu kwa kuwa ndani yake mna kosa letu wenyewe.

Mwaka jana alifika ofisini kijana mmoja wa kike, umri wake miaka 23, mwanachama aliyelipa ada yake bila kuruka mwezi. Kazi yake ilikuwa ya kuuza dukani, kusimama tangu asubuhi hata jioni. Alitueleza kwamba akipanda ngazi moyo humwenda mbio, kichwa humzunguka, na arudipo nyumbani hana nguvu hata ya kufua nguo zake. Mwajiri alikuwa amekwisha kumwandikia barua mbili za onyo, kwamba ni mvivu. Aliomba Mfuko umlipie daktari na siku 14 za mapumziko.

Tukamtazama. Alikuwa na mwili mkubwa, mikono minene, mashavu yamejaa. Ombi tukalikataa, na katika kitabu cha kumbukumbu tukaandika kwamba mwombaji aonekana mwenye afya njema. Swali la pili hatukumwuliza. Haikupita miezi mitatu akaanguka palepale dukani. Wenzake walimchukua hospitali, na damu yake ilipopimwa ikaonekana ina hemoglobini ya gramu 7 tu katika desilita moja. Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya gramu 12 kuwa ni upungufu wa damu, na chini ya 8 kuwa ni upungufu mkali. Haya twayasimulia kwa ruhusa yake, ila jina lake tumeliacha.

Kosa letu lilitoka wapi? Lilitoka machoni. Kwetu mtu akinenepa husifiwa kwamba mji umempenda, na aliyekonda ndiye aulizwaye kama ana mgonjwa nyumbani. Tumelelewa hivyo, wala hatuwalaumu wazazi wetu, maana waliona njaa na waliujua wembamba wa njaa. Lakini mambo yamegeuka. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika Kenya wanawake 33 kwa kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliopita kiasi. Hao wote kwa macho yetu wameshiba. Kama wana damu, macho hayawezi kusema.

Damu ni nyekundu kwa ajili ya hemoglobini, nayo haiwezi kuundwa pasipo madini ya chuma. Chuma chote kilichomo katika mwili wa mtu mzima ni gramu 3 au 4, uzito wa msumari mdogo. Utumbo hupokea miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Sasa, wazee watuwie radhi tukitaja mambo ya wanawake hadharani: katika kila mililita 2 za damu mna karibu miligramu 1 ya chuma. Mwanamke apotezaye mililita 40 katika siku zake za mwezi amepoteza miligramu 20, na yule ambaye siku zake ni nzito amepoteza zaidi sana. Mwanamume hana gharama hiyo, na huenda ndiyo sababu sisi wanaume wa halmashauri ni wepesi wa kumwita mtu mvivu.

Hayo humpata mwanamke mwembamba na mnene pia. Lakini mnene ana mzigo wa pili, nao ndio uliotushangaza tulipoelezwa. Mwaka 1962 wataalamu watatu wa Marekani, Wenzel, Stults na Mayer, walitangaza kwamba vijana wanene waliowapima walikuwa na chuma kidogo katika maji ya damu kuliko wenzao wasio wanene. Sababu mojawapo ilianza kufahamika miaka karibu 40 baadaye, ilipogunduliwa, mwaka 2000 na 2001, kemikali itengenezwayo na ini iitwayo hepsidini. Kazi yake ni kama ya mtunza ghala. Vijidudu vya ugonjwa viingiapo mwilini, ini huongeza hepsidini, na milango ya chuma hufungwa, ule wa utumbo na ule wa akiba, ili adui asipate cha kula. Ni ulinzi mwema kwa siku chache za homa.

Basi mafuta yaliyozidi mwilini, hasa ya tumboni, hayakulala kama magunia. Huwasha ndani ya mwili moto mdogo, kama ule wa jeraha lisilopona, na ini husikia moto huo likadhani adui yumo. Mtunza ghala hufunga mlango, wala hafungui, kwa kuwa moto hauzimiki. Binti aweza kula chuma, na sehemu kubwa ikabaki katika ngozi ya utumbo hata ikatoka pamoja na choo. Aweza kuwa na akiba, nayo isitolewe. Tena mwili mkubwa una damu nyingi ya kuhudumia, hivyo wahitaji chuma zaidi wakati uleule upokeapo kidogo.

Hapo pana mtego hata kwa wapimaji. Akiba ya chuma hupimwa kwa feritini, lakini feritini yenyewe hupanda kwa moto ule tuliousema, hata mwenye upungufu akaonekana tajiri. Kwa hiyo mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kwa mtu mzima asiye na ugonjwa kikomo ni mikrogramu 15 katika lita, bali penye maambukizo au moto wa namna hiyo kikomo kiwe 70. Mwenye mwili mkubwa akiambiwa feritini yake ni 40 na kwamba hana neno, na amwulize daktari kwa adabu juu ya jambo hili.

Sasa tuseme juu ya chakula, maana hapa twaweza kusemezana kama majirani. Asubuhi chai na mandazi, mchana chipsi na soda, usiku ugali mkubwa na mboga kidogo kando. Shibe ipo, na uzito wapanda, lakini chuma ni haba. Chai yetu, ambayo ni fahari ya nchi, ikinywewa pamoja na chakula hukishika chuma cha mboga na nafaka kisiingie mwilini. Hatusemi iachwe (nani angetusikiliza?), twasema ingoje walau saa moja baada ya kula. Maharagwe, ndengu na mboga za majani vikiliwa pamoja na chungwa, ndimu au pera, chuma chake huingia vizuri zaidi. Cha nyama, maini na omena huingia kwa wepesi kuliko vyote. Tangu sheria ya mwaka 2012, unga wa mahindi na wa ngano uuzwao katika pakiti katika Kenya hupasa kutiwa chuma, lakini tunaosagisha wenyewe mtaani hatukipati.

Akina mama walio hapa na waangalie jambo moja jingine. Binti aonekanaye akila udongo, au yale mawe laini yauzwayo sokoni, asipigwe wala asichekwe. Mara nyingi hiyo ni dalili ya upungufu wa chuma, na apelekwe akapimwe. Wala asiambiwe ajinyime chakula ili akonde upesi. Tumewaona wasichana wakiacha nyama na maharagwe wakabaki na chai na mkate; hao huzidi kuishiwa. Uzito ukipungua polepole, kwa chakula chema na kutembea, hepsidini nayo hushuka na mlango hufunguka.

Vidonge vya chuma vipo na bei yake si kubwa, lakini visinunuliwe kwa kubahatisha. Malaria, minyoo wa safura, selimundu na hedhi nzito vyote hupunguza damu, na kila kimoja kina dawa yake. Anayepewa vidonge asivinywe kwa chai wala maziwa, asiogope choo cheusi, tena asiache kwa kuwa amejisikia nafuu baada ya wiki mbili. Akiba huchukua miezi kujazwa.

Msichana wetu alikutwa na hedhi nzito ya muda mrefu. Alitibiwa hiyo, akapewa vidonge, na baada ya miezi minne damu yake ilikuwa imefika gramu 12. Kazi ile hakurudishiwa. Ada ya daktari Mfuko ulimlipa, imechelewa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano ukubali kanuni ya Mfuko ibadilishwe: ombi la mgonjwa lisikataliwe kwa kutazamwa, na gharama ya kupimwa damu ilipwe kabla halmashauri haijaamua lolote. Fomu ziko mezani kwa karani. Kitabu cha kumbukumbu kiko hapo pia, na ukurasa wa ombi lile tumeutia alama kwa atakaye kuusoma kabla ya kupiga kura.